Koti la Mahafali

Esteria alipomwambia baba yake kwamba nafasi yake ya kuingia chuoni ni ishirini na tano kwa mia, Mzee Mboje aliacha kukata viazi, akaweka kisu kwenye ungo, akauliza swali ambalo dalali yeyote wa ng'ombe angeuliza.

"Nani kapima?"

"Kuna mtu yuko Dar es Salaam, anaitwa Constantine. Kazi yake ndiyo hiyo. Unamtumia matokeo yako, kazi unayofanya, umri, unakotoka. Anakuangalia, anakwambia chuo gani kitakuchukua na kipi kitakutupa."

"Kakuona kwa macho?"

"Kwenye simu, baba."

"Na meno hajakushika?"

Wakacheka wote wawili. Ilikuwa Jumapili, siku ambayo Esteria alitoka chumba chake cha kupanga katikati ya mji wa Bariadi akaja Somanda kumfulia baba yake na kumpikia chakula chenye chumvi ya kutosha. Siku sita nyingine Mboje aliishi na redio. Mkewe, Lukresia, alikufa zamani, na mtoto alikuwa huyo huyo mmoja.

Chuo chenyewe kilikuwa cha biashara, huko Ulaya, kimoja kati ya vile vinavyogombaniwa na vijana wa dunia nzima. Wakiomba watu mia, hawafiki kumi na watano wanaofunguliwa mlango. Esteria alikuwa mhasibu katika kampuni ya kununua pamba, na kila msimu aliwaona wakulima wakiuliza bei imepangwa na nani, na yeye mwenye shahada hakuwa na jibu la kuwapa. Alitaka kufika mahali bei zinapopangwa. Hilo baba yake alilielewa vizuri kuliko alivyoelewa shahada.

"Ishirini na tano si mbaya," akasema Mboje. "Mnadani nimeshauza ng'ombe wenye nafasi ndogo kuliko hiyo. Anachechemea, anakohoa, na jioni kaondoka."

"Mimi sikohoi, baba."

"Basi tuna pa kuanzia."

Tangu siku ile asilimia za Esteria zikawa habari ya nyumba. Watu wengine wa Bariadi waliulizana bei ya pamba, Mboje alimuuliza binti, "Wiki hii tuko ngapi, mayu?" Binti akarudia mtihani wao wa hesabu na Kiingereza, ikapanda mpaka thelathini. Bosi wake akamwandikia sifa nzuri, ikaongezeka mbili. Kisha ikagoma. Wiki nenda wiki rudi, thelathini na mbili. Mboje alizitangaza namba hizo mnadani bila aibu, mbele ya watu ambao hawakujua chuo cha biashara ni kitu gani, nao wakampa pole au hongera kwa jinsi uso wake ulivyokuwa siku hiyo.

Mnadani walimjua kwa mambo mawili. La kwanza, hakusema uongo juu ya ng'ombe. Ukimuuliza umri alikwambia umri, ukimuuliza kama mtamba amewahi kutupa mimba alikwambia, hata mwenye mali akimkanyaga mguu. La pili, alikuwa Msukuma asiye na ng'ombe hata mmoja, anayeshinda jua zima akisifia mifugo ya wenzake. Ng'ombe wake aliwauza kule kijijini kwao Kimali, mmoja baada ya mwingine, wote kumi na wanne, ili Esteria asome. Kaka yake Shigela alikuwa amemletea Esteria mchumba mwenye ng'ombe ishirini, na ng'ombe hao ndio wangemwolea mke Mihayo, kijana wa Shigela. Mboje alikataa. Shigela akasema kama ndugu ni mtu wa kumnyima mtoto wa ndugu yake mke, basi undugu uishie hapo, na kweli ukaishia hapo. Mboje akahama Kimali na godoro na mtoto. Hakuna aliyekuja kumwangalia.

Upweke wake aliubeba hivyo hivyo, kwa kichwa juu, maana alijua ameununua kwa nini.

*

Jumapili moja Esteria alifika kabla ya saa tatu, viatu vimejaa vumbi.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Mbona mapema? Tuko ngapi?"

"Hamsini."

Mboje alisimama. "Hamsini! Kimepandisha nini?"

"Nimerekebisha maelezo yangu," akasema Esteria, akaanza kuokota vyombo vichafu ambavyo havikuwa vichafu. "Na wameniita kwenye mahojiano, Jumatano saa kumi. Ni ya kwenye kompyuta. Constantine amesema nifanyie hapa kwako."

"Hapa? Kwa nini si kule kwako kwenye feni?"

"Amesema hapa ni pazuri zaidi."

Dalali yeyote anajua mnyama haonyeshwi popote tu, kuna mahali jua linampiga akanenepa. Kwa hiyo Mboje hakuuliza zaidi. Jumanne alifagia ua mara mbili. Jumatano hakwenda mnadani. Alioga, akanyoa ndevu, akatoa koti lake kwenye mfuko wa nailoni. Lilikuwa la kijivu, zito. Alilinunua kwa ajili ya mahafali ya Esteria, akalivaa siku ile tu, na tangu siku ile lilikaa ukutani kwenye msumari na mfuko wake. Akaweka kiti mbele ya nyumba, upande aliopiga plasta mwaka juzi.

Esteria alipofika alimtazama, akasita.

"Baba, umependeza sana."

"Nisikuaibishe."

"Ila..." Akaweka mkoba chini. "Baba, naomba ulivue. Uvae ile shati yako ya mnadani."

"Ile iliyochanika kwapa?"

"Haitaonekana kwapa."

Mboje alimwangalia kidogo, akaenda ndani akavua. Alipotoka alimkuta binti amehamisha kiti na meza mpaka nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa matofali ya udongo ambao mvua ilikuwa imeula, karibu na banda la kuku.

"Huku si ndiko kunakonuka?"

"Kompyuta haisikii harufu, baba. Wewe kaa hapa pembeni kwangu, waone kwamba upo. Huna haja ya kusema kitu. Watazungumza Kiingereza."

Mboje alikaa kwenye kigoda, mikono magotini. Aliona haya kidogo, kama mtu aliyeitwa harusini akaambiwa akae jikoni. Lakini akajisemea kwamba mwenye mali ni Esteria, na dalali ni huyo Constantine, na yeye leo si mmoja wala mwingine.

Saa kumi ilipofika, mama mmoja akatokea kwenye kioo. Alikuwa Mtanzania aliyewahi kusoma chuo hicho, jina lake Justina, amevaa miwani, nyuma yake vitabu tupu. Wakaanza. Kiingereza cha Esteria kilitoka taratibu, kisha kikachangamka. Mboje hakujua Kiingereza, ila maneno mawili matatu hayakosi kumwingia mtu aliyekaa na wanunuzi wa kila aina. Neno la baba alilijua. Neno la ng'ombe alilijua sana. Na hesabu alizijua zote.

Akasikia baba. Akasikia ng'ombe. Akasikia kumi na nne.

Moyo ulimjaa. Anawaeleza, akawaza. Anawaeleza wale kumi na wanne. Hakuwahi kumsikia binti akilisema jambo hilo mbele ya mtu, kwa lugha yoyote, na sasa analisema kwa Kiingereza mbele ya Ulaya nzima. Mboje alinyoosha mgongo. Alimwona yule mama wa kwenye kioo akiinamisha kichwa kwa masikitiko, akiandika, akimtupia yeye jicho, na Mboje akamtikisia kichwa kwa adabu, kama kusema, ndiyo, ni mimi niliyewauza. Akawakumbuka kwa rangi zao. Mwekundu alilipa kidato cha tano. Yule wa madoa, ambaye alilia njia nzima kwenda mnadani, alilipa godoro na nauli.

Ghafla yule mama akaacha Kiingereza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo, baba yangu. Esteria, samahani, naomba niongee na mzee kidogo. Baba, binti yako ametueleza mambo mazito. Kwamba alipomaliza kidato cha nne ulikuwa umekwisha kukubaliana na watu mahari ya ng'ombe kumi na wanne, na yeye akakukimbia, akaenda kujihifadhi kwa masista mpaka ulipokubali asome."

Kuku walikuwa wakipekua nyuma yao. Mboje alisikia kila neno kwa utulivu, na hakuna hata moja lililoingia.

"Sitaki kukulaumu," Justina akaendelea, kwa sauti ya upole. "Nataka kukupongeza. Wazazi wachache sana wanaokubali kubadilika. Ningependa tu nisikie kwa mdomo wako: wakati ule ulikuwa unawaza nini?"

Mboje akageuka kumtazama mwanawe. Esteria hakuinua uso. Alikuwa anatazama vitufe vya kompyuta, na mkono wake umeshika ukingo wa meza kwa nguvu mpaka kucha zimepauka. Hapo ndipo maneno yalipoingia, yote kwa pamoja.

Alikuwa na uwezo wa kusema. Sentensi moja ingetosha: mama, mtoto wangu amekosea, ng'ombe hao niliwauza mimi. Ulimi wake ulikuwa umezoea sentensi za namna hiyo. Lakini aliona pia hamsini ikishuka mpaka sifuri mbele ya macho yake, hapo hapo, kando ya banda la kuku.

"Mama," akaanza. "Sisi wafugaji, ng'ombe akishatajwa moyo wote unakwenda kwa ng'ombe. Nilisema mtoto wa kike ni mgeni tu hapa nyumbani. Ataondoka. Basi aondoke na faida."

Yalikuwa maneno ya Shigela, herufi kwa herufi, kama alivyoyasema uani kwake Kimali. Mboje alishangaa jinsi yalivyotoka bila kukwama, kumbe miaka yote alikuwa ameyatunza.

"Na nini kikakubadilisha, baba?"

Kwanza alitaka kumtaja Lukresia, kwamba alimwota mama wa mtoto akilia. Ingependeza sana. Lakini marehemu hakuwa na kosa, akaona asimwingize.

"Nilichoka kugombana," akasema. "Nikazeeka."

Justina alicheka, akavua miwani, akafuta macho. "Asante sana, baba. Asante kwa ukweli wako."

"Wabeja, mama," akashukuru kwa Kisukuma.

*

Esteria alifunga kompyuta.

"Baba."

"Naam."

"Nilimwambia ukweli kwanza. Naapa. Nilimwandikia Constantine kwamba baba yangu aliuza ng'ombe wake wote akanisomesha, na ndugu zake wakamtenga. Akasema ni nzuri, lakini haina nguvu. Haina kikwazo. Akasema kila anayeomba vyuo hivi ana mzazi aliyejinyima."

"Kila anayeomba?"

"Ndivyo alivyosema."

Mboje aliifikiria habari hiyo. Kimali nzima ilimcheka kwa jambo ambalo kumbe kila mtu amelifanya, ila yeye kwa bahati mbaya hakukutana na hata mmoja wao.

"Akasema wanaosoma maombi wanataka kuona nimetoka kwenye shimo," Esteria akaendelea, sasa machozi yanamtoka. "Nikamwambia sikutoka kwenye shimo. Akasema basi baki na thelathini na mbili zako. Nikakaa nazo wiki mbili, baba. Kisha nikaandika. Sikujua kama watakuuliza wewe. Nilidhani itabaki huko huko kwenye Kiingereza."

"Kwa hiyo ukweli ulikuwa thelathini na mbili, na huu hamsini."

"Ndiyo."

"Kumi na nane zimepanda."

"Baba, usihesabu hivyo."

"Nihesabuje?" Hakuuliza kwa hasira. Kwa kweli alitaka kujua. Esteria akajifuta uso kwa mgongo wa mkono, kama alivyofanya akiwa mtoto.

"Ungenikana ningekuelewa," akasema.

"Mtu hamkani mtoto wake mbele ya mnunuzi." Mboje akainuka, magoti yakalia. "Nyamaza sasa. Njoo tule, viazi vinapoa."

Wakala. Alipokuwa anaondoka, Esteria alisimama mlangoni, mkoba begani. "Baba, naomba jambo moja. Usimwambie mtu. Wakijua nimewadanganya wanafuta kila kitu, hata kama nimeshaingia darasani."

"Nimwambie nani?" akasema Mboje. Hakuwa analalamika. Alipitisha watu wote anaowajua kichwani, akaona kweli hakuna.

*

Majibu yalikuja mvua za kwanza zilipoanza. Esteria alichukuliwa, tena kwa ufadhili wa masomo yote. Alipiga simu akilia na kucheka kwa wakati mmoja, na Mboje alikuwa mnadani, akavua kofia akaipungia hewani, wanunuzi wakadhani ametaja bei.

Furaha hiyo aliipata bila doa kwa siku chache. Kisha chuo kikatoa video fupi ya kuwatambulisha wanafunzi wapya. Mahojiano yalikuwa yamerekodiwa, Esteria alikuwa amekubali tangu mwanzo bila kuwaza. Mtu akamtumia mtu, naye akamtumia mtu, na vitu vya simu havihitaji nauli kutoka Ulaya kufika Bariadi.

Salu, kijana dalali mwenzake, ndiye aliyemwonyesha. "Mzee Mboje, kumbe na wewe ni nyota!"

Mboje alijiona. Shati lililochanika, ukuta ulioliwa na mvua, kuku mmoja anapita. *Mtoto wa kike ni mgeni tu hapa nyumbani. Ataondoka. Basi aondoke na faida.* Chini yake kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Madalali walikuwa wamezunguka simu, wengine wanacheka, si kwa ubaya.

"Kumi na wanne tu, mzee? Msomi kama yule?"

"Sisi tunajua uliuza ng'ombe umsomeshe, kumbe uliwakosa!"

"Kumbe hata habari za ng'ombe unaweza kutudanganya," akasema Salu, na huyo hakuwa anacheka.

Mboje alikwenda kunywa chai ili aondoke pale. Muuza chai, Felisita, alimmiminia kikombe akakaa mbele yake, jambo ambalo si kawaida yake siku ya mnada.

"Mzee wangu, mimi nimeiona," akasema kwa sauti ya chini. "Mume wangu ndiye aliyenionyesha. Unajua nilipokuwa nabishana naye ili binti yetu Gloria aende sekondari, nilikuwa nakutaja wewe. Kila siku. Nikamwambia, mtazame Mzee Mboje, hana hata mbuzi, lakini mtoto wake yuko ofisini. Sasa jana kanicheka mpaka akakohoa. Kasema, mfano wako huyo hapo."

"Gloria bado anasoma?"

"Anasoma. Yuko kidato cha tatu."

"Basi muache mumeo acheke."

"Lakini ni kweli, mzee? Ulitaka kumwoza?"

Mboje alipuliza chai ambayo haikuwa ya moto. Hakuna mtu duniani aliyestahili kuambiwa ukweli kuliko mama huyu, na hakuna mtu mwenye mdomo mpana kuliko muuza chai wa mnadani.

"Watu hubadilika, mama Gloria," akasema, akalipa, akaacha chai nusu.

Siku ya safari alimsindikiza Esteria stendi kupanda basi la Mwanza, akapande ndege huko. Binti alikuwa amepita Somanda kumchukua, na alipomwona ameshika kofia tu, aliingia ndani mwenyewe akalitoa koti kwenye mfuko wake.

"Livae leo, baba. Tafadhali."

"Jua kali, mayu."

"Baba, hata halijatoka."

"Litatoka." Akalipokea mkononi mwake kwa upole, akalirudisha kwenye msumari. Basi lilipoondoka, Esteria alimpungia dirishani mpaka kona, na Mboje akapunga mpaka vumbi likatulia, kisha akarudi nyumbani kwa miguu.

*

Baada ya hapo zikabaki simu za Jumapili. "Umekula nini, baba?" Ugali. "Upo na nani?" Nipo. Esteria alimweleza kuhusu baridi, darasa, na wenzake ambao kila mmoja, akasema akicheka bila furaha, ametoka kwenye shimo lake. Mboje hakuuliza kama mashimo yale yamepimwa.

Mwezi wa pili tangu binti aondoke, siku moja mchana, bodaboda ilisimama mbele ya nyumba. Mzee mrefu akashuka, ana fimbo, jogoo mwekundu kwapani, na kibuyu cha maziwa ya mgando kimefungwa kwa kitambaa. Mboje alimjua kwa mabega kabla ya uso.

"Mwadila, mdogo wangu," akasema Shigela.

Ilipita miaka mingapi bila kuisikia sauti hiyo, na bado masikio yaliipokea kana kwamba imetoka chumba cha pili.

"Mwadila, kaka. Karibu. Karibu ndani."

Shigela alikaa, akaweka fimbo ukutani, akatazama chumba chote: kitanda, redio, ungo wa viazi vilivyokatwa. Jogoo akawekwa pembeni, miguu imefungwa.

"Mihayo alinionyesha kwenye simu," akasema. "Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia tena. Mboje, yale ni maneno yangu."

Mboje akasogeza ungo wa viazi pembeni.

"Miaka yote hii nilikuwa nadhani unaniona mnyama. Kwamba wewe ndiye baba wa kweli, na mimi ni mtu wa kuuza watoto. Watu wa Kimali walikucheka, lakini nikuambie, wengine walinicheka mimi. Walisema, mwenzio ana moyo. Hilo liliniuma kuliko ng'ombe." Akatikisa kichwa. "Kumbe tulikuwa wawili. Nimekuja kwa sababu hiyo. Nimekuja kukuona ndugu yangu."

Mzee yule alikuwa analia. Mboje hakuwahi kumwona kaka yake akilia, hata kwenye msiba wa mama yao. Maneno yakampanda Mboje kifuani: kaka, hatukuwa wawili. Lakini mbele yake alimwona Esteria darasani huko kwenye baridi. Na Shigela hakuwa mtu wa kukaa na neno mpaka kesho. Tena kama angelisema, kaka angechukua fimbo yake na kibuyu chake, na bodaboda bado ilikuwa barabarani.

"Nashukuru umekuja, kaka," akasema.

"Ila njiani nimewaza jambo." Shigela alijifuta, na sasa tabasamu likaanza kumchezea mdomoni. "Mwaka ule ulinifukuza na mchumba wangu wa ishirini. Nikajiuliza, kwa nini, kama na yeye alitaka kumwoza binti? Nikapata jibu. Ulikuwa na mtu wako wa kumi na wanne, ukamficha, usigawane na mimi, na masista walipokushinda ndipo ukauza wako!"

Akacheka kwa nguvu, akampiga Mboje begani. "Mjinga wewe! Mimi nilikuwa na ishirini! Mnadani wanakulipa kwa lipi?"

Mboje naye akacheka, maana mtu akicheka nyumbani kwako huwezi kumwacha acheke peke yake. Akamimina maziwa ya mgando kwenye bakuli, akaleta ugali uliobaki na vijiko viwili. Kijiko cha pili alikitafuta kwa muda.

Shigela alikuwa ameinuka kunyoosha mgongo. Akagusa mfuko wa nailoni uliokuwa ukutani, akaufunua, akashika kola ya koti, akaipapasa kwa vidole kama mtu anayejua kitu kizuri.

"Hili koti zito. La kwako?"

"La kwangu."

"Ulilinunua kwa shughuli gani?"

"Mahafali," akasema Mboje. Neno lilimtoka kabla hajalishika. "Ya Esteria."

Shigela aligeuka, uso umejaa mshangao. "Ulikwenda? Wewe? Mtoto alikukimbia mpaka kwa masista, kisha ukaenda na koti kumpigia makofi?"

Mboje alilitazama koti lake. Siku ile alikuwa amefika ukumbini asubuhi, kabla ya walinzi kufungua geti, akasimama juani nalo limefungwa vifungo vyote, na jina la Esteria liliposomwa alipiga kelele peke yake mpaka watu wakageuka. Ilikuwa siku yake. Hakuwa na nyingine ya kulinganisha nayo.

"Walinilazimisha," akasema.

"Aa." Shigela alielewa, akatikisa kichwa kwa huruma. "Hata mimi wangenilazimisha." Akalirudisha koti kwenye mfuko wake, akaikunja kola vibaya, akaja kukaa.

Ndugu wakala bakuli moja. Shigela alisimulia habari za Kimali, nani kafa, nani kaoa, Mihayo ana watoto wangapi, na Mboje aliitikia kila mahali panapotakiwa kuitikiwa. Kwa miaka mingi alikuwa ameomba mlango ule ufunguliwe na mtu wa damu yake, akae, wale pamoja. Sasa kaka alikuwa amekaa. Na Mboje, kijiko mkononi, hakuwahi kuwa peke yake kama siku ile.